Mjumbe Aliyetafuta Mlalamikaji

Ukimwambia Mjumbe wetu kwamba watu wanasema, alikuuliza watu gani. Hakuuliza kwa ukali. Aliinamisha kichwa upande kidogo, akasubiri. Ukijibu, "Watu tu, Mjumbe, huko mtaani," alitikisa kichwa na kusema, "Watu wana majina." Hapo shauri lako lilikuwa limekwisha, hata kama lilikuwa la kweli tupu. Ulitakiwa urudi na mwenye kusema, na anayesemwa naye awepo, wakae benchi moja. Bila hivyo, Mjumbe alikuwa kiziwi.

Alikuwa mjumbe wa nyumba kumi upande wetu wa Tabata tangu mimi sijaanza shule. Nyumba zenyewe zilikuwa zimeshapita kumi zamani sana, maana watu walizidi kujenga na hakuna aliyekuja kuzigawa upya, lakini cheo kilibaki na hesabu yake ile ile. Vyama vingi vilipokuja, wajuaji wakatangaza kwamba mjumbe ni wa chama kimoja tu, wa vyama vingine hawalazimiki kumsikiliza. Hao hao waliendelea kumletea ugomvi wao wa mipaka na wa maji machafu, wakitanguliza, "Mie si wa chama chako, Mjumbe, lakini..." Yeye alijibu kwamba maji machafu hayaulizi kadi, akavuta benchi.

Benchi hilo lilikuwa la mbao, refu, barazani kwake. Waliogombana walikaa pamoja, mmoja kila ncha, naye akakaa mbele yao kwenye kiti cha plastiki. Nilipokuwa mdogo nililiona kama adhabu. Nilipoingia chuo kikuu na kujifunza kutilia shaka kila kitu, nikaliona kama ujanja: nani atasema ukweli wote huku anatazamana na anayemshtaki, na kesho watakutana bombani? Nilimwambia hivyo likizo moja. Alianza kucheka kabla sijamaliza.

"Kwa hiyo msomi unataka mtu asemwe akiwa hayupo?"

"Nataka watu wawe huru, Mjumbe."

"Huru kufanya nini? Kusema na kukimbia?"

Alipenda kuniita msomi. Alilitamka neno hilo kama mtu anayeonja mchuzi asioujua kama umeiva.

Mama yangu alikuwa na kisa kimoja cha enzi za foleni ambacho alikisimulia kila mtu alipomsema Mjumbe vibaya. Sukari ilikuwa ya kugawiwa, na Mjumbe ndiye aliyesimamia nani apate kiasi gani. Siku moja mwanamke mmoja akapaza sauti kwenye foleni kwamba mke wa Mjumbe amebeba mara mbili. Mjumbe akasimamisha foleni. Akatuma mkewe aitwe, akamkalisha na yule mwanamke, akauliza kama ni kweli. Mkewe akasema ni kweli. Mjumbe akamwambia arudishe ya pili, mbele ya watu wote, kisha akamshukuru yule mwanamke kwa kusema kwa mdomo wake. Nyumbani kwake, mama alisema, jiko la Mjumbe lilikaa baridi siku nyingi, na mwenyewe alionekana akila mihogo ya kuchoma barabarani, amevaa suti yake ya mikono mifupi na kalamu zake tatu mfukoni. Iliyoandika ilikuwa moja.

Basi ungedhani ni mtu mnyoofu kila mahali. Kwenye drafti alikuwa mwizi. Walicheza jioni nje ya kibanda cha Chande kinyozi, kwa vizibo vya soda, na Mjumbe akishaona anashindwa, kizibo kimoja cha mwenzake kilipotea. Alikificha kiganjani akiwa anajikuna sikio.

"Mjumbe, umechukua kete yangu," Chande alisema.

"Nani kaona?"

"Mie nimeona."

"Wewe mchezaji. Mchezaji hawezi kuwa shahidi."

"Na hawa wote je?"

Mjumbe aliwageukia watazamaji mmoja mmoja, kwa sura ile ile ya barazani, na kila aliyeangaliwa alisema hakuona kitu, huku mbavu zikimuuma kwa kucheka. Hemedi, mwanawe wa pekee, alikuwepo siku zote nyuma ya kiti cha baba yake, na ndiye aliyecheka kuliko wote.

Mambo mengine yake hayakupatana. Alilaani nguo za mitumba kwamba zimeua viwanda vyetu, na viatu vyake vya ngozi vya mitumba vilikuwa bora mtaa mzima. Alisuluhisha wanandoa wa watu wakarudi kucheka, na yeye na mkewe walizungumza kwa kumtuma Hemedi. Aliogopa sindano kiasi kwamba malaria ilimlaza mara mbili kabla hajakubali kwenda zahanati. Lakini jambo la kumsema mtu mbele ya uso wake hakulilegeza hata siku moja.

Mwaka niliomaliza chuo, serikali ilikuwa inapunguza watu, haiajiri. Nikapata kazi kwenye kampuni kubwa ya nje iliyofungua ofisi mjini, ghorofani, penye viyoyozi na zulia. Walitaka kujenga kwenye intaneti kile walichokiita jumuiya. Wakazi wa kila eneo wangeandika maoni yao juu ya biashara za jirani: fundi cherehani gani anatimiza ahadi, mgahawa upi msafi, duka lipi linauza sukari iliyoloana. Kila biashara ingepewa nyota, moja hadi tano. Walishafanya hivyo miji mingine ya dunia. Bosi wetu, Mtanzania aliyeishi nje muda mrefu, alitamka neno jumuiya kama mtu aliyelizaa yeye.

Kwenye usaili nilimuuliza faida inatoka wapi.

"Matangazo. Jumuiya kwanza, matangazo baadaye."

"Kwa hiyo watu wataandika bure, nyinyi mtauza?"

"Watu watapata sauti, dada. Hilo dogo?"

Sikuona kama amenijibu. Nikaichukua kazi. Nikapewa Tabata, kwa kuwa ndiko kwetu, na cheo cha mratibu wa jumuiya.

Siku hizo kompyuta Tabata ilikuwa kitu cha kwenda kukitazama. Kampuni iliweka moja kwenye duka la vifaa vya shule, na kwa wasioweza kuitumia, yaani wote, tukaweka sanduku la mbao lenye tundu juu. Mtu aandike maoni yake kwenye karatasi, atumbukize. Mimi niyakusanye, nikayachape mjini.

Niliyoyakuta mwezi wa kwanza bado nayakumbuka. Juu ya duka la nyama: "Mzuri, Mungu amzidishie." Juu ya fundi viatu aliyejulikana kwa kupoteza viatu vya watu: "Anajitahidi." Juu ya Mama Zawadi, aliyeuza supu na chapati karibu na kituo: "Hana neno na mtu." Wote walipata nyota tano. Juu ya Chande kinyozi mmoja aliandika, "Alinisaidia kwenye msiba," akampa nyota sita, ya sita kaichora mwenyewe pembeni.

Bosi aliyasoma akiwa amesimama.

"Huu mtaa wa malaika? Hakuna mbaya hata mmoja?"

"Wapo," nilisema. "Ila wanaandika majina yao chini."

"Basi waambie wasiandike. Usiri ndio roho ya mfumo."

Nikabandika tangazo juu ya sanduku: usitaje jina lako. Nilifurahi, kusema kweli. Niliona sasa ndiyo tutajua nani alikuwa sahihi kati yangu na lile benchi.

Wiki iliyofuata sanduku lilijaa. Taulo la Chande linanuka. Mwenye bucha anabonyeza mizani kwa kidole. Supu ya Mama Zawadi ni maji ya moto yaliyopitiwa na mfupa. Mwandiko mwingine ulikuwa umegeuzwa makusudi, herufi zimelala upande wa pili. Mimi nikachapa, bosi akashangilia, na siku mbili hazikupita Mjumbe akaja pale dukani, na Mama Zawadi nyuma yake kajifunga kanga kiunoni kama anayekwenda kupigana.

"Shikamoo Mjumbe."

"Marahaba. Haya maneno ya sanduku yanakwenda wapi?"

"Kwenye intaneti."

"Huko anasoma nani?"

"Mtu yeyote. Dunia nzima."

Mjumbe akainamisha kichwa. "Dunia nzima imsome Mama Zawadi, na Mama Zawadi mwenyewe asijue nani kamsema?"

"Mie nataka nimjue tu," alisema Mama Zawadi. "Simpigi. Nataka nimuulize hiyo supu ya maji alirudiaje bakuli la pili."

Mjumbe alipendekeza jambo, na nikalikubali kwa sababu mbili: bosi alikuwa anapenda neno ushirikishwaji, na mimi niliamini litashindwa kabla ya mwezi. Sanduku lifunguliwe Jumapili alasiri barazani kwake. Asome yeye, kwa sauti. Anayesemwa awepo. Mwenye neno asimame. Lililopata mwenyewe na likathibitika, niende nalo mjini.

Walikuja watu wengi kuliko mkutano wowote wa chama. Mjumbe akavaa miwani, akafungua karatasi ya Chande.

"Taulo la Chande linanuka. Mwenye neno?"

Kijana mmoja muuza mitumba akasimama, anacheka kwa woga. "Mie, Mjumbe."

"Weee!" Chande akaruka. "Nilikunyoa kwa mkopo harusini kwako!"

"Ulininyoa, braza, sikatai. Ila nilinuka mpaka bibi harusi kauliza."

Baraza zima likavunjika mbavu. Chande akanuna, akatetea maji ya Tabata yanayotoka mara moja kwa wiki, mwisho akasema atanunua mataulo mapya na kufua kila siku. Wakapeana mikono. Mjumbe akaichana ile karatasi vipande vipande.

"Mjumbe, hiyo natakiwa niipeleke," nilisema.

"Kupeleka nini? Yamekwisha."

Ndivyo ilivyokuwa kila Jumapili. Mwenye bucha alihamishia mizani mbele, upande wa mteja. Mama Zawadi aligundua kwamba aliyemwandika ni jirani yake, wakalia, wakakumbatiana, supu ikawa nzito. Karatasi zilichanwa. Mimi nikarudi mjini mikono mitupu, nikamweleza bosi kwamba malalamiko yapo, ila yanatatuliwa kabla ya kuchapwa.

"Mnakula malighafi yangu," alisema.

Sikujua nimhurumie nani. Bosi alitaka jumuiya, na ilikuwa mbele yake, kila Jumapili, imekaa kwenye matofali na ndoo zilizogeuzwa. Haikuwa na faida kwake.

Sasa Hemedi. Yule mtoto aliyekuwa akicheka nyuma ya kiti alikuwa fundi magari, na hakuna aliyekataa kwamba mikono yake ilikuwa ya kipaji. Magari ya mitumba yalipoanza kumiminika nchini, yeye alifungua gereji njia panda, akawa na vijana chini yake, akamwezekea baba yake nyumba upya. Pia kila mtu alijua kwamba gari likilala kwake, linaamka bila kitu. Betri jipya linatoka, la zamani linaingia. Plagi, kabureta, hata tairi la akiba. Hili niliambiwa na watu mbalimbali, jikoni, kwenye foleni ya maji, mlangoni wakati wa kuagana, na wote walimalizia kwa kunong'ona: "Mjumbe tu asisikie."

Jumapili moja akafungua karatasi, akaisoma kwa sauti ile ile aliyosomea taulo.

"Gereji ya Hemedi. Nilipeleka gari lina betri jipya, nimerudishiwa lina betri bovu. Nilipouliza nikaambiwa ni lile lile."

Hemedi alikuwepo, amekaa kwenye ukuta mfupi, anapangusa vidole kwa kitambaa. Alikuja kwa ajili ya kucheka, kama wengine.

"Hemedi, njoo ukae benchi," alisema Mjumbe. "Na mwenye neno asimame."

Hemedi alikuja, akakaa. Ncha ya pili ya benchi ikabaki wazi.

Shabani, dereva wa teksi, alikuwa mbele yangu. Wiki mbili kabla, mimi mwenyewe nilimsikia njia nzima akitukana juu ya betri hilo. Sasa alikuwa anachokonoa kucha.

Wa kwanza kusema alikuwa Mama Zawadi. "Aa, Mjumbe, hiyo si ya hapa kwetu. Itakuwa ya watu wa Vingunguti huko. Hemedi mtoto wetu, anajitahidi."

"Mtu kakosea gereji," Chande akadakia. "Siku hizi ziko nyingi."

Mjumbe akavua miwani. "Shabani. Gari lako anashika nani?"

"Hemedi, Mjumbe."

"Una neno naye?"

Shabani hakumtazama Hemedi. Alimtazama mzee, kalamu zake tatu, viatu vyake vilivyong'arishwa kwa ajili ya Jumapili. "Sina, Mjumbe," alisema. "Sina neno kabisa."

Mjumbe akafungua karatasi ya pili. Ilikuwa ya kabureta. Hakuna aliyesimama. Ya tatu ilikuwa na neno moja, "Mwizi," na chini yake jina la gereji, na hilo nalo alilisoma mpaka mwisho. Mimi sikuwa na gari, kwa hiyo sikuwa na neno. Ndivyo nilivyojiambia, nikatazama chini na wenzangu.

Halafu sifa zikaanza. Huyu akasema Hemedi alimsukumia gari usiku wa mvua. Yule akasema hajaona fundi kama yeye Dar nzima. Wakapokezana, kila mmoja akipandisha sauti juu ya mwenzake, na yule Hemedi mwenyewe, aliyekaa chini ya mvua hiyo ya sifa, ndiye pekee aliyeanza kuona haya. Masikio yake yalibadilika rangi. Nimesikia watu wakitukanwa hadharani. Sijasikia kitu kibaya kama zile sifa.

Mjumbe aliinua mkono, wakanyamaza.

"Miaka yote nawaambia semeni," alisema. "Leo mmenistahi. Mmenistahi mpaka mmenivua nguo."

"Usiseme hivyo, Mjumbe," watu wakasema. "Usiseme hivyo, mzee wetu."

Hakuzichana karatasi zile. Alinirudishia. "Hazijapata mwenyewe," alisema.

Jioni ile tulimsikia akimuuliza Hemedi uani kwao, maana nyumba zetu zilitenganishwa na ukuta wa bati tu. Hatukusikia alichouliza. Jibu la Hemedi tulilisikia vizuri.

"Baba, nani kasema? Mlete akae benchi."

Mzee hakuwahi kumhukumu mtu yeyote bila mlalamikaji, na hakuweza kuanza na mwanawe, wala kumwacha kwa kuwa ni mwanawe. Kwa hiyo akatoka kwenda kumtafuta huyo mlalamikaji. Alipita nyumba kwa nyumba, suti imepigwa pasi, anabisha hodi, anakaribishwa, anapewa chai. Anawaomba watu wamshtaki mwanawe. Watu wanamwongezea sukari. Shabani alianza kulaza teksi yake mtaa wa tatu ili Mjumbe asiione na kujua yupo. Chande aliacha kugombania kete zake. Alimwachia ashinde drafti kihalali, jambo ambalo lilimkasirisha kuliko yote, akaacha kucheza.

Nilimkabili Mama Zawadi. "Si ulisema mwenyewe kwamba kanga zako ziliuzwa ili ulipie kabureta nyingine ya kigari cha marehemu mumeo, ile ya kwanza ilipopotelea kwa Hemedi?"

"Nilisema."

"Kwa nini humwambii mzee? Ndicho anachotaka."

Alikuwa anakanda unga, hakuacha. "Mume wangu alipofariki, shemeji zangu walitaka kiwanja hiki. Yule mzee alizunguka jua kali, mpaka Temeke, kutafuta mashahidi waliokuwepo tunanunua. Leo nimwambie mwanao mwizi? Mdomo wangu utafunguka?"

"Lakini anataka, Mama Zawadi."

"Anachotaka na anachoweza kukibeba ni vitu viwili, mwanangu. Nyie wasomi mnasikia kile cha kwanza tu."

Nilitaka kubishana. Nilikuwa na hoja nyingi. Niliona kwamba zote nilizitengeneza kwa ajili ya watu ambao hawajawahi kupokea kitu kutoka kwa mwenzao, nikamsaidia kusukuma chapati.

Kampuni haikukaa. Bosi aliandika kwamba soko letu halijakomaa, na nadhani hadi leo huko kwao Tabata imebaki hivyo, haijakomaa. Walikuja na pikapu kuchukua kompyuta. Sanduku hawakulitaka, Mama Zawadi akaliwekea mkaa. Mimi nikapata kazi nyingine, nikapanga Tegeta, nikawa natembelea kwetu mara chache kuliko nilivyomwahidi mama.

Mara moja kati ya hizo, nilishuka njia panda adhuhuri nikamkuta mzee. Alikuwa amekaa upande wa pili wa barabara, nje ya kibanda cha kuziba pancha, uso kwa uso na gereji ya mwanawe. Alikuwa amepungua. Suti ilikuwa ile ile, mabega hayakuijaza.

"Shikamoo Mjumbe."

"Marahaba, msomi. Ila ujumbe nimeuacha. Sasa ni mama mmoja wa huku juu."

"Umechoka?"

"Sijachoka. Mjumbe hawezi kuwa mwamuzi na mlalamikaji. Mlalamikaji kakosekana. Nikaona nigombee nafasi hiyo, haikuwa na mpinzani." Alicheka peke yake. "Nilikaa hapa hapa mwezi mzima, mpaka nikaona kwa macho yangu. Betri la Mhindi mmoja. Nikaenda kwa mjumbe mpya, Hemedi akaitwa, tukakaa benchi, yeye huku, mie huku. Nikasema."

"Akasemaje?"

"Akauliza nani kaona. Nikamwambia, baba yako."

Gari la mizigo likapita, akasubiri vumbi litulie.

"Na watu?" niliuliza.

"Watu wamekasirika."

"Wamemkasirikia Hemedi?"

"Wamenikasirikia mie. Wanasema nimemvua nguo mwanangu hadharani, na wao nimewafanya waongo. Hemedi kampelekea Shabani betri jipya. Kalikataa. Kasema hajapotelewa na kitu maishani."

Nilimuuliza kama Hemedi anazungumza naye.

"Ananiamkia asubuhi. Chakula analeta mkewe." Akarekebisha kalamu mfukoni. "Anaiba kidogo siku hizi. Hajaacha."

Wakati huo gari jeupe likasimama mbele yetu, moshi unatoka puani mwake. Dereva, kijana mgeni mtaani, akatoa kichwa dirishani.

"Shikamoo mzee. Samahani, hapo ng'ambo kuna fundi wa kuaminika?"

Hemedi alikuwa ameshatoka mlangoni mwa gereji, na barabara ile si pana. Alisikia swali. Alisimama na spana mkononi, anamtazama baba yake. Mwenye kibanda cha pancha alijifanya anatafuta gundi. Mzee hakuharakisha.

"Fundi mzuri sana," alisema, kwa sauti ya barazani, ya kusikika ng'ambo. "Hutapata mwingine kama yeye. Ni mwanangu wa kumzaa. Usiondoke wakati boneti iko wazi."

Dereva akacheka, akidhani ni utani wa wazee. Akamtazama Hemedi acheke naye. Hemedi hakucheka. Akamgeukia mzee, akakuta naye hacheki. Kicheko kikamwishia njiani, akalivusha gari polepole, akazima injini, akashuka, akaenda kusimama karibu kabisa na mkono wa fundi. Hemedi akafungua boneti. Akainama, kichwa kikapotea ndani.

Niliona haya kumtazama mzee usoni. Nikavuta tairi bovu, nikakaa pembeni yake, nikatazama alikokuwa akitazama yeye, mpaka boneti ikafungwa.